Masaru: Jina la ushindi lililobaki kwa wazee wa Japani

KWA mwanamume wa Kijapani aitwaye Masaru, kutaja jina lake kwenye simu ni nusu tu ya kujitambulisha. Karani aliye upande wa pili hana budi kumwuliza swali jingine: ni Masaru wa namna gani? Swali hilo si utovu wa adabu. Karani ameshasikia sauti ya jina, lakini hajui liandikwe vipi, na katika lugha ya Kijapani maandishi ndiyo yanayobeba maana. Mmoja atajibu kwamba lake ni lile la "kushinda". Mwingine atasema lake ni lile la "upole". Wa tatu atasema ni lile la "ukubwa". Wote watatu huitikia mwito mmoja, ila kila mmoja alipewa na wazazi wake dua tofauti.

Jina hili la kiume liliwahi kuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa kuliko yote nchini Japani. Siku hizi ni nadra kusikia mtoto mchanga akipewa jina hilo. Wengi walionalo wamekwisha kula chumvi nyingi, na kila mwaka upitao idadi yao hupungua. Kupanda na kushuka kwake ni sehemu ya historia ya taifa lililoingia vitani likijiombea ushindi kupitia watoto wake, likashindwa, kisha likalazimika kufikiri upya juu ya maana ya kushinda.

Kitenzi kilichogeuka jina

Matamshi ya jina hili hayampi taabu msemaji wa Kiswahili. Lina silabi tatu, Ma-sa-ru, na kila moja huishia kwa irabu. Ni ile sauti ya "r" pekee inayotofautiana kidogo, kwa kuwa Wajapani huitamka katikati ya "r" na "l".

Kwa asili yake, Masaru ni kitenzi. Maana yake ni kuzidi, kupita, au kuwa bora kuliko kingine. Hapa Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalokaribiana nalo mno. Mtu husema, "Ali amemshinda Juma katika mbio," na mtu huyo huyo husema, "Ali ni mrefu kushinda Juma." Katika sentensi ya kwanza pana mashindano, pana mshindi na mshinde. Katika sentensi ya pili hakuna aliyeangushwa, kwani ni ulinganishi tu. Masaru ni kushinda kwa maana hiyo ya pili. Mjapani anayetaka kueleza kushinda vita, kesi au mchezo hutumia kitenzi kingine, nacho ni katsu.

Majina ya kiume yanayotokana na vitenzi vya aina hii ni mengi, na yaliwahi kuunda ukoo mzima wa majina. Kuna Mamoru, maana yake kulinda. Kuna Noboru, kupanda juu. Kuna Wataru, kuvuka. Kuna Shigeru, kusitawi kama mti wenye majani mengi. Kuna pia Minoru, kuiva au kuzaa kwa mimea. Kila moja ni kitendo ambacho wazazi walitamani mwana wao akitende maishani. Kwa mantiki hiyo, mzazi aliyemwita mwanawe Masaru alikuwa akisema: na awe bora.

Herufi mbili, dua mbili

Mambo yanakuwa mazito linapokuja suala la kuandika. Wajapani waliazima maandishi ya Kichina zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na herufi hizo, ziitwazo kanji, kila moja ina maana yake. Kwa kuwa ziliazimwa na lugha yenye muundo tofauti kabisa, herufi moja huweza kusomwa kwa namna kadhaa, na neno moja la Kijapani huweza kuandikwa kwa herufi mbalimbali.

Herufi iliyotumiwa zaidi kuandikia jina la Masaru ni ile ya ushindi. Ndani yake, upande wa chini, mna alama ndogo yenye maana ya "nguvu". Herufi hiyo hiyo ndiyo inayoandikia kitenzi katsu, yaani kushinda mashindano. Kwa njia hiyo, neno ambalo kwa sauti lilimaanisha ubora wa kulinganisha tu likajikuta, kwa maandishi, limevikwa mavazi ya vita. Ndiyo maana vilevile mtu anayeiona herufi hiyo ikisimama peke yake kama jina hawezi kuwa na hakika iwapo mwenyewe anaitwa Masaru, Suguru au Katsu.

Wajapani huipa herufi hiyo uzito hata leo. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani hulishwa nyama ya nguruwe iliyopakwa unga wa mkate na kukaangwa kwa mafuta, kwa sababu chakula hicho huitwa katsu kwa ufupi, na jina lake hufanana na neno la kushinda. Ni mzaha, lakini ni mzaha ambao mama wengi hawathubutu kuupuuza usiku wa kuamkia mtihani.

Herufi ya pili inayotumika sana kuandikia Masaru ina sura tofauti. Upande wa kushoto mna alama ya mtu. Upande wa kulia mna herufi inayomaanisha huzuni au wasiwasi, yenye moyo ndani yake. Zikiungana, herufi hizo mbili huunda neno lenye maana mbili kwa pamoja: kuwa bora, na kuwa mpole. Wajapani wengi hupenda kuifasiri kwamba aliye bora ni yule anayesimama kando ya mwenye huzuni. Wanaisimu hawalazimiki kuikubali tafsiri hiyo kama asili halisi ya herufi, kwa maana katika Kichina cha kale ilihusishwa pia na waigizaji, na hadi leo imo katika neno la Kijapani la mwigizaji. Hata hivyo, mzazi anayemchagulia mwanawe jina hatafuti asili ya maneno. Anatafuta maana atakayoweza kumsimulia mtoto siku moja.

Basi tangu hapo jina hili lilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilisema: mshinde mwenzako. Njia ya pili ilisema: kuwa bora kwa upole.

Tumbili wafukuzao mabaya

Sauti ya neno hili ilikuwa na heshima nyingine ya kale. Katika mji wa Otsu, mkoa wa Shiga, chini ya Mlima Hiei, kuna hekalu la dini ya Shinto liitwalo Hiyoshi Taisha. Katika imani ya mahali hapo, tumbili ni mjumbe wa miungu, na tumbili huyo mtakatifu huitwa Masaru.

Jina lake ni mchezo wa maneno ambao Wajapani wameuenzi kwa karne nyingi. Katika Kijapani, saru ni tumbili. Lakini saru ni pia kitenzi chenye maana ya kuondoka, na ma ni pepo mbaya. Kwa hiyo Masaru ni tumbili mtakatifu, ni mabaya yaondoke, na ni kuzidi au kushinda, yote katika neno moja. Hekalu la Hie lililoko mtaa wa Nagatacho jijini Tokyo, lenye asili moja na lile la Otsu, lina sanamu za tumbili dume na jike, na jike amempakata mtoto. Wanawake waja wazito huenda hapo kuomba wajifungue salama.

Hekalu la Otsu lenyewe lilipata kuonja maana ya kushindwa. Mwaka 1571, mbabe wa kivita Oda Nobunaga aliuteketeza Mlima Hiei pamoja na nyumba zake za ibada, na Hiyoshi Taisha ikaungua. Lilijengwa upya baadaye kwa msaada wa Toyotomi Hideyoshi, mtu aliyetoka katika familia duni akafika kileleni mwa utawala, na ambaye kwa sifa ya uso wake alikuwa akitaniwa kwa jina la tumbili.

Serikali yafunga majina

Katika zama hizo za mashujaa wenye panga, jina halikuwa kitu cha kudumu. Mwanamume wa tabaka la juu alipewa jina la utotoni, akalivua alipobaleghe, na aliweza kubadilisha tena alipopata cheo au bwana mpya. Tokugawa Ieyasu, mwanzilishi wa utawala uliodumu kuanzia 1603 hadi 1868, aliitwa kwanza Takechiyo, akawa Motonobu, kisha Motoyasu, kabla ya kuwa Ieyasu. Jina lililomchosha mtu, au lililopitwa na mambo, liliwekwa kando kama kanzu iliyombana.

Hali hiyo ilikoma baada ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868. Serikali mpya ilitaka kuhesabu watu, kutoza kodi na kuandikisha wanajeshi, na haingeweza kufanya hivyo ikiwa mtu mmoja alikuwa na majina matatu. Mwaka 1872 daftari la kitaifa la familia, liitwalo koseki, lilianza kutumika, na mwaka huo huo watu wakaamrishwa wabaki na jina moja na kukatazwa kulibadilisha ovyo. Mwaka 1875 kila raia alilazimishwa kuwa na jina la ukoo.

Tangu hapo, jina alilopewa mtoto katika siku zake za kwanza duniani likawa jina la maisha yake yote. Kulibadilisha kunahitaji idhini ya mahakama ya familia, na ni lazima pawe na sababu ya haki. Uamuzi wa wazazi katika majuma mawili ya kwanza, ambayo ndiyo muda wa kisheria wa kuandikisha kuzaliwa, ukawa mzito kuliko ulivyowahi kuwa.

Wazazi nao walianza kuutazama mwenendo wa taifa wakati wa kuchagua. Mfalme Hirohito alipokalia kiti cha enzi tarehe 25 Desemba 1926, enzi mpya ilipewa jina la Showa. Mwaka 1927, ambao ulikuwa wa pili wa enzi hiyo, wavulana wengi waliitwa Shoji, jina linaloandikwa kwa herufi ya kwanza ya Showa na tarakimu mbili. Mwaka 1928, wa tatu wa enzi, ikawa zamu ya Shozo, lenye tarakimu tatu. Kalenda ya serikali iliingia moja kwa moja vitandani mwa watoto.

Watoto wa ushindi

Vita na China vilipopamba moto mwaka 1937, majina ya wavulana yakaanza kuvaa magwanda. Isamu, lenye maana ya ushujaa, na Susumu, lenye maana ya kusonga mbele, yalipata wapenzi wengi. Kisha Japani ikaishambulia bandari ya Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, na ushindi wa haraka ukafuata Hong Kong, Malaya, Singapore, Ufilipino na Burma.

Katika miaka hiyo ya vita, Masaru, yule wa herufi ya ushindi, alipanda hadi kileleni mwa orodha ya majina ya wavulana. Orodha hiyo hukusanywa na kampuni ya bima ya maisha ya Meiji Yasuda kutokana na majina ya wateja wake, na inarudi nyuma hadi mwaka 1912. Karibu na Masaru walisimama ndugu zake wa herufi hiyo hiyo: Katsumi, Katsuo, Katsuhiko, na hata Katsutoshi, jina linaloandikwa kwa herufi mbili ambazo zikisomwa kwa njia ya kawaida ni neno "ushindi" lenyewe.

Herufi hiyo ilikuwa kila mahali. Mwaka 1942 kauli mbiu moja ilienea nchini kote ikiwafunza raia, hasa watoto, kusema kwamba hawatatamani kitu chochote hadi ushindi upatikane. Chakula kiligawanywa kwa vipimo, vyuma vya majumbani vilikusanywa kuyeyushwa, nguo zikawa za viraka. Mama aliyekosa maziwa alimnyonyesha mtoto aliyeitwa Ushindi.

Wakati huo huo ushindi wenyewe ulikuwa ukiyeyuka. Mnamo Juni 1942, katika vita vya Midway, Japani ilipoteza manowari nne za kubebea ndege, lakini wananchi hawakuambiwa ukubwa wa hasara hiyo. Kisiwa cha Saipan kilianguka mwaka 1944, na tangu hapo ndege za Marekani zikaweza kuifikia Tokyo. Wazazi waliendelea kuwaita wana wao Masaru. Ni vigumu kusema ni wangapi walioamini na ni wangapi waliokuwa wakiomba tu.

Afrika Mashariki ilikuwa upande wa pili wa vita hivyo. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wengi walilikumbuka kwa jina la Keya, walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, na mwaka 1944 walisonga mbele katika Bonde la Kabaw wakizongwa na mvua, matope na malaria. Tarehe 12 Februari mwaka huo, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu wapatao 1,300 waliangamia, wakiwamo wanajeshi wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Katika majuma yale yale ambapo jamaa za marehemu hao walikuwa wakisubiri habari zisizokuja, ofisi za miji ya Japani zilikuwa zikiandika majina ya wavulana wachanga: Masaru, Masaru, Masaru.

Siku ambayo jina lilikanushwa

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, mabomu ya moto yaliua watu wapatao 100,000 jijini Tokyo. Tarehe 6 Agosti bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima, na tarehe 9 Agosti likaangushwa Nagasaki. Tarehe 15 Agosti adhuhuri, raia walisikia kwa mara ya kwanza sauti ya mfalme wao redioni, akitangaza kwa Kijapani cha kikale kwamba vita vimekwisha. Katika hotuba yake hakutumia neno la kushindwa.

Lakini kila mtu alifahamu. Kuanzia saa hiyo, nchi ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watoto wadogo, baadhi wakiwa hawajaanza kutembea, ambao majina yao yalikuwa ahadi isiyotimia. Hakuna sheria iliyoamuru wabadilishwe majina, na walio wengi walikua nayo. Waliyabeba hadi darasani, wakaitwa kwa sauti na walimu ambao mara tu baada ya vita waliwafutisha wanafunzi maneno ya vita kwenye vitabu kwa wino mweusi, maana vitabu vipya vilikuwa havijachapishwa.

Majina ya watoto waliozaliwa baada ya hapo yanaeleza wazazi walivyokuwa wakiwaza. Miongoni mwa yaliyopanda juu mara tu baada ya vita ni Minoru, lile la kuiva kwa mazao. Mwaka 1946 ulikuwa mwaka wa njaa, na mwezi Mei watu waliandamana hadi mbele ya kasri la mfalme kudai chakula. Taifa lililokuwa likiomba ushindi sasa liliomba mavuno. Baadaye, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 na 1970, Makoto alitawala, jina lenye maana ya ukweli na uaminifu.

Waliolibeba jina

Watu maarufu walioitwa Masaru wanaonyesha jinsi sauti moja ilivyoweza kuchukua njia nyingi. Masaru Ibuka, aliyezaliwa mwaka 1908, alianzisha pamoja na Akio Morita kampuni ndogo ya vifaa vya umeme mnamo Mei 1946, katika Tokyo iliyokuwa bado magofu. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Sony mwaka 1958, na redio zake ndogo zikaingia hadi vijijini duniani kote. Jina la Ibuka halikuandikwa kwa herufi ya ushindi wala ya upole, bali kwa ile ya "ukubwa". Alifariki mwaka 1997.

Masaru Hayami, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Japani kuanzia 1998 hadi 2003, na ni katika uongozi wake ambapo benki hiyo, mwaka 1999, ilishusha riba hadi karibu na sufuri. Jina lake liliandikwa kwa herufi ya upole na ubora.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watu wawili wenye jina la ukoo moja. Masaru Sato wa kwanza, aliyezaliwa 1928 na kufariki 1999, alitunga muziki wa filamu za mwelekezi Akira Kurosawa, ikiwamo "Yojimbo" ya mwaka 1961. Masaru Sato wa pili, aliyezaliwa 1960, alikuwa mwanadiplomasia kisha akawa mwandishi mashuhuri. Yeyote asikiaye majina yao hawezi kuwatofautisha. Asomaye huwatambua papo hapo: mtunzi wa muziki ni Masaru wa kushinda, mwandishi ni Masaru wa upole.

Kwa nini limeadimika

Masaru hakupigwa marufuku. Herufi zake zote mbili ni za kawaida na zimo katika orodha ya herufi zinazoruhusiwa, ambazo kwa jumla ni karibu 3,000. Serikali ya Japani hukataa herufi zisizo katika orodha hiyo, na mara chache mzozo huzuka juu ya maana yenyewe. Mwaka 1993, katika mji wa Akishima ulio magharibi mwa Tokyo, wazazi walijaribu kumwandikisha mwana wao kwa jina lenye maana ya shetani. Shauri hilo lilifika mahakamani, na mwishowe mtoto akapewa jina jingine.

Kilichomwondoa Masaru ni ladha ya wazazi. Kwanza, ule ukoo mzima wa majina ya vitenzi, Minoru, Noboru, Mamoru na wenzao, umeonekana kuwa wa kizee. Wazazi wa leo hupenda majina yenye sauti nyororo, kama Haruto, ambalo kwa miaka mingi limekuwa juu katika orodha za wavulana, au Ren na Minato. Huchagua herufi za jua, bahari, mimea na kupaa angani. Hawamwambii mtoto atende nini. Humchorea picha.

Pili, watoto wenyewe wamekuwa wachache. Mwaka 1949 Japani ilipata watoto wapatao milioni 2.7. Mwaka 2024 walizaliwa wapatao 686,000, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi hiyo kuwa chini ya 700,000 tangu takwimu zianze kukusanywa. Panapokuwa na watoto wachache, jina lililopitwa na wakati hupata nafasi finyu ya kurithiwa. Waliozaliwa katika miaka ya ushindi wa mwanzo wamekwisha kuvuka miaka 80.

Hata hivyo, nusu moja ya jina hili haijapotea. Ile herufi ya mtu aliye kando ya huzuni imeendelea kupendwa, ila sasa husomwa Yu, na kuunganishwa na herufi nyingine kupata Yuto na Yuta kwa wavulana, Yuna na Yuka kwa wasichana. Kitu ambacho wazazi wa 1943 wasingekidhania kimetokea: dua ya ubora imeachana na panga, ikaingia hata katika majina ya mabinti. Herufi ya ushindi nayo haijafa, lakini haina tena ule uzito wa kuwa sala ya taifa zima. Masaru Takeda, mchezaji wa besiboli aliyezaliwa mwaka 1978 na kustaafu mwaka 2016, aliandikwa kwa herufi hiyo hiyo, na ushindi wake ulikuwa wa uwanjani tu.

Sauti yaandikwa kwa mara ya kwanza

Tarehe 26 Mei 2025 sheria mpya ya daftari la familia ilianza kutumika nchini Japani. Tangu daftari hilo lianzishwe, lilihifadhi herufi za jina pekee, bila kuonyesha jinsi linavyosomwa. Mzee aliyeandikwa kwa herufi ya ushindi alikuwa, mbele ya daftari hilo, herufi hiyo tu. Kwamba aliitwa Masaru, na si Suguru wala Katsu, ni jambo lililojulikana kwa jamaa, majirani na marafiki.

Sasa usomaji wa jina huandikwa rasmi, na lazima uwe ule unaokubalika na watu kwa jumla. Ofisi za miji zilianza kuwatumia raia barua zenye usomaji ambao serikali inaufahamu, ili kila mmoja ahakiki na kurekebisha makosa kama yapo. Kwa kijana, ni karatasi nyingine ya serikali. Kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1943, ni mara ya kwanza kwa daftari la nchi kuandika sauti ambayo mama yake alimwitia.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kizazi cha akina Masaru kilijifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma. Waliitwa washindi, wakakulia katika nchi iliyoshindwa, wakaijenga upya. Herufi waliyoandikiwa ilisema: washinde wengine. Sauti waliyoitikia miaka yote hiyo ilikuwa na maana iliyo kongwe na pana zaidi, ambayo haihitaji adui: kuwa bora.